Rangi Inayoachwa na Moto

Kisu kilichofuliwa kwa mkono kinaweza kuwa na rangi za aina mbili. Ya kwanza hupakwa au husuguliwa: vanishi, rangi nyeusi ya kopo, au ule mng'ao wa msasa unaokifanya kifanane na kisu cha dukani. Ya pili haipakwi na mtu. Moto ndio huiacha juu ya chuma mhunzi anapokilegeza baada ya kukizima majini au katika mafuta, nayo huanzia manjano ya nyasi kavu, ikapita kahawia na zambarau, ikaishia buluu na kijivu. Rangi hii ya pili mara nyingi huishi kwa muda mfupi tu. Fundi huitazama, huitumia, kisha huikwangua kwa msasa au huifunika kwa brashi, kwa kuamini kwamba mnunuzi wa Kiritiri au Siakago ataiona kuwa ni uchafu wa makaa. Miaka ya kuwa karibu na kazi ya chuma katika nchi hii kavu ya Mbeere, Kenya, imenifikisha kwenye msimamo ninaotaka kuutetea hapa: umalizio unaokifaa zaidi kisu cha mkono ni rangi ile ya moto, iachwe mahali ilipozaliwa, na anayeifuta anafuta maandishi ambayo yangemweleza mnunuzi jinsi chuma chake kilivyotendewa. Uzuri wake naukubali, na ni uzuri mkubwa. Lakini hoja yangu haijasimama juu ya uzuri.

Imesimama juu ya mahali rangi inapotoka. Wahunzi wetu wa leo hawaanzi na mawe wala mchanga. Huanza na springi ya gari, yale mabapa ya chuma yanayobeba uzito wa lori au matatu juu ya ekseli, ambayo barabara mbovu huyavunja na kuyaleta kwenye mabanda ya jua kali. Chuma hicho huwa na kaboni ya takriban asilimia 0.5 hadi 0.6, pamoja na kromiamu kidogo au silikoni kutegemea kiwanda kilikotoka. Kikipashwa hadi karibu nyuzi 830 za Selsiasi kisha kikazamishwa ghafla katika mafuta, hukaza kupita kiasi. Huko ndiko kutia matiko. Fundi asiye na kipimajoto hujua amekaribia joto hilo kwa kukigusisha chuma kwenye sumaku, kwa mfano ile ya spika kuukuu ya redio, kwa sababu chuma kikipita nyuzi 770 hivi sumaku haikishiki tena. Kisu kilichoishia kwenye matiko tu hukata vizuri asubuhi na kukatika vipande jioni kikianguka juu ya jiwe. Kwa hiyo hurudishwa kwenye joto, mara hii joto dogo, ili ugumu upungue na chuma kipate uvumilivu. Huko ndiko kulegeza. Wakati huo uso uliosafishwa huanza kushika oksijeni ya hewani na kujijengea utando wa oksaidi wenye unene wa makumi ya nanomita tu. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando huo hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, baadhi ya rangi zikafutana na nyingine zikatiliana nguvu, kama inavyokuwa kwa dizeli iliyomwagika juu ya dimbwi. Utando ukinenepa, rangi hubadilika. Kwenye nyuzi 220 hivi ni manjano hafifu; 240, manjano iliyokolea; 255, kahawia; 275, zambarau; karibu 300, buluu safi; na kupita 320 buluu hufifia ikaelekea kijivu. Zisichanganywe na rangi za chuma kinachowaka chenyewe, nyekundu na machungwa, ambazo huanza juu ya nyuzi 500. Hizo huonekana vizuri gizani. Hizi ninazozizungumzia hutaka kivuli chenye mwanga wa mchana.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Robert Hooke aliliandika katika kitabu chake *Micrographia* cha mwaka 1665, akitafuta sababu ya rangi za chuma kilicholegezwa, na Isaac Newton akalirejelea katika *Opticks* ya mwaka 1704 alipokuwa akieleza rangi za tando nyembamba. Mafundi waliwatangulia wote wawili. Walikuwa wakipima joto kwa rangi kabla hakujakuwa na chombo cha kulipima, na mpaka leo mafundi wa saa za bei kubwa hupasha parafujo na mishale ya saa hadi ifike buluu, wakaiacha hivyo hivyo mbele ya macho ya mwenye saa. Huko hakuna anayedhani ni uchafu.

Hapo ndipo linapoinuka pingamizi la kwanza, na nalichukulia kwa uzito: kwamba huu ni ufundi wa watu wengine, na sisi tuna ufundi wetu wa chuma ambao haukuhitaji rangi hizi. Ni kweli kwamba tuna ufundi wetu. Mwaka 1971 mtafiti Jean Brown alichapisha makala kuhusu ufuaji wa chuma kusini mwa Mbeere, yaani eneo hili hasa la Kiritiri, na baadaye, mwaka 1995, kikatoka kitabu chake kikubwa kuhusu kazi za jadi za madini nchini Kenya. Kwa jirani zetu Wagikuyu, Jomo Kenyatta alieleza mwaka 1938 jinsi mchanga mweusi wenye chuma ulivyochekechwa mitoni na kuyeyushwa kwa makaa na mivukuto, na jinsi laana ya mhunzi ilivyoogopwa. Tukienda mbali zaidi, Al-Idrisi aliandika katika karne ya 12 kwamba chuma ndicho kilichowapa watu wa Malindi faida kubwa ya biashara, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walionyesha kwamba Wahaya wa Kagera, magharibi mwa Ziwa Viktoria, walikuwa na matanuri yaliyoweza kutoa chuma chenye kaboni tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Hakuna sababu ya mtu wa Mbeere kujifunza chuma akiwa ameinamisha kichwa. Lakini chuma kilichotoka katika matanuri ya udongo mara nyingi kilikuwa na kaboni kidogo na isiyolingana kipande kwa kipande. Ukikizima majini hakikazi kama springi, na kisichokaza hakina haja ya kulegezwa. Makali yake yalipatikana zaidi kwa nyundo na kwa jiwe la kunolea. Ufundi wa rangi za moto haukuhitajika kwa sababu chuma chenyewe hakikuudai.

Hali ilibadilika malighafi ilipobadilika. Reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, pamoja na waya, majembe na vyuma chakavu vilivyofuata, viliwaondoa wahunzi wa bara katika kuyeyusha. Haikuwa na maana kuchoma makaa siku nzima ili kupata donge dogo ilhali chuma kilichokwisha kutengenezwa kilikuwa kikipatikana sokoni. Kisha yakaja magari, na springi zake. Mhunzi aliyerithi kazi kwa baba yake akajikuta na chuma ambacho baba yake hakuwahi kukishika: chuma kinachokaza kwa maji, kinachovunjika kikikosewa, na kinachodai hatua moja zaidi motoni. Anayesema rangi za moto si desturi yetu anasahau kwamba springi nayo si desturi yetu, na tayari tumeipokea na kuifanya panga, shoka, tezo na sime. Kilichorithiwa kwa wazee ni ule usikivu wao mbele ya moto: kujua kwa jicho, bila chombo, kwamba sasa ndipo. Usikivu huo ukielekezwa kwa springi huishia kwenye rangi hizi, kwa sababu hizo ndizo lugha ambayo springi inayo. Kuikataa kwa jina la jadi ni kushika mavazi ya wazee na kuacha akili yao.

Sasa nije kwenye zana zenyewe, maana hapa ndipo rangi hugeuka kuwa hesabu ya kazi. Kisu cha kuchinjia mbuzi na kuchunia ngozi hukutana na nyama, mafuta na mara chache mfupa. Kinataka makali yanayodumu, kwa hiyo makali yake yasimame kwenye manjano, isiyozidi nyuzi 230 hivi. Panga la kupogolea muguka na kufyeka migunga ni jambo jingine: huteleza likagonga jiwe, huingia katika mti mkavu, hupindwa kwa nguvu linapokwama. Hilo lifike kahawia. Tindo ya kukatia chuma, inayopigwa nyundo kisogoni, hufikishwa zambarau, kama vitabu vya ufundi chuma vinavyofundisha. Tezo ya kuchongea mizinga ya nyuki husimama kati ya kisu na panga. Springi yenyewe, ingerudishwa kuwa springi, ingetaka buluu. Tazama basi: orodha nzima ya kazi za shamba la Mbeere inaweza kusomwa juu ya ukanda mmoja wa rangi, na mtu mwenye kisu cha kuchinjia ambacho makali yake ni ya buluu ameuziwa kitu kingine kwa jina la kisu.

Njia ya kuipata rangi hiyo kwa wahunzi wasio na tanuri la umeme ni ya akili kubwa, na inastahili kuelezwa taratibu. Fundi hupasha kisu kizima mpaka kiive, yaani kifikie joto la kutia matiko, kisha huzamisha sehemu ya makali peke yake, akiuacha mgongo nje ukiwa bado na moto wake. Hukitoa upesi, hukwangua bapa kwa kipande cha jiwe au tupa kuukuu hadi ling'ae, kisha hungoja. Joto lililobaki mgongoni huanza kutembea kuelekea makali, na rangi hutembea nalo: manjano mbele, kahawia nyuma yake, kisha zambarau, kisha buluu, kila moja ikimsukuma mwenzake. Manjano inapofika ukingoni mwa makali, kisu chote huzimwa na rangi husimama pale pale zilipofika. Moto mmoja umefanya kazi mbili. Hakuna makaa ya ziada yaliyotumika, na kwa eneo ambalo uchomaji wa makaa umekuwa ukila miti yake kwa miaka mingi, hilo si jambo dogo. Umalizio umepatikana bila shilingi ya kununulia kopo la rangi. Na muhimu kuliko yote, kisu kimebaki na picha ya jinsi joto lilivyogawanyika ndani yake, kutoka mgongo mpole hadi makali makavu. Fundi akiisugua picha hiyo, hajaondoa chochote kibaya. Ameondoa maelezo tu.

Wataalamu wa madini wana pingamizi hapa, nalo ni zito kuliko lile la jadi. Wanasema kwamba vyuma vingi vilivyokazwa, vikilegezwa katika joto la kati ya nyuzi 260 na 370 hivi, hupungukiwa uvumilivu badala ya kuongezewa. Kwa hiyo buluu inayosifiwa kwa kupinda bila kuvunjika inaweza kuwa ndiyo eneo la hatari. Ni kweli, na ndiyo maana napendelea panga liishie kahawia, lisivuke kwenda zambarau, hata kama desturi ya mafundi wengi ni kulipeleka mbele zaidi. Lakini pingamizi hilo linahusu chuma kilichokwisha kukazwa. Katika njia niliyoieleza, mgongo haukuzamishwa ulipokuwa umeiva. Ulipoa polepole hewani, haukupata matiko, na buluu iliyo juu yake imekaa juu ya chuma ambacho hakikuwahi kuwa kikavu cha kuvunjika. Buluu ya mgongo na buluu ya makali ni rangi moja yenye maana mbili tofauti kabisa. Anayejua jinsi kisu kilivyotengenezwa atazitofautisha kwa mtazamo mmoja, kwa sababu ya mahali zilipo na jinsi zinavyofuatana.

Kwa mnunuzi, kazi kubwa ya rangi iko upande wa kukamata kosa. Adui mkubwa wa visu vyetu siku hizi ni grainda zaidi kuliko mhunzi mvivu. Makali ni membamba, hayana mahali pa kupeleka joto, na jiwe linalozunguka kwa kasi huweza kuyapandisha kupita nyuzi 300 kwa sekunde chache tu, hata pale ambapo mkono ulioshika mpini hausikii chochote. Hilo hutokea kwa fundi anayemalizia kisu kipya na kwa yule anayenoa visu vya mtaa kwa jiwe la umeme. Ukingo hugeuka buluu, na palipogeuka buluu ugumu wa kukata umeshuka. Kisu kitanolewa leo na kesho kitakuwa butu tena, na mwenyewe atalaumu chuma. Fundi mwenye haraka huuona ule ukingo wa buluu, akaupitishia msasa, ukang'aa. Rangi imeondoka lakini ulaini umebaki palepale, kwa maana utando wa rangi ni wa makumi ya nanomita tu na madhara ya joto yameingia ndani zaidi. Kisu kinachong'aa chote, kwa hiyo, hakikupi habari njema wala mbaya. Kisu kilichoachwa na rangi zake, manjano ukingoni na buluu mgongoni, kinakuonyesha kwamba makali hayakuunguzwa baada ya kulegezwa, kwa sababu kuunguzwa kungeacha alama ndani ya ile manjano. Wale wanaonoa kwa jiwe linaloendeshwa kwa pedali za baiskeli, polepole na kwa maji, hawana haja ya kuogopa ukaguzi huu, na mara nyingi visu vyao ndivyo vinavyodumu.

Najua jibu litakalotolewa: rangi inaweza kughushiwa. Mtu akiwa na toachi ya gesi anaweza kuchukua bapa la chuma laini lisilowahi kuiva wala kuzimwa, akapitisha ndimi za moto mgongoni, na baada ya dakika moja akawa na upinde wote wa rangi wa kuvutia wanunuzi. Hili siwezi kulikana. Rangi hutoa habari za mara ya mwisho chuma kilipopata moto. Haisemi lolote kuhusu kilichotangulia. Haiwezi kuthibitisha kwamba kisu kilitiwa matiko. Ndiyo maana nasema inafaa zaidi kama shahidi wa mashtaka kuliko wa utetezi: rangi nzuri haitoshi kukisafisha kisu, lakini rangi mbaya mahali pabaya inatosha kukihukumu. Ushahidi uliobaki utafutwe kwa tupa. Ipitishe polepole juu ya makali. Ikiteleza bila kung'ata, chuma kimekaza. Ikikwangua kwa urahisi na kutoa unga, hakuna matiko pale, hata rangi ziwe za kupendeza namna gani. Manjano pamoja na tupa inayoteleza ni ushahidi wa pande mbili ambao mlaghai wa toachi hawezi kuutoa bila kufanya kazi halisi, na akiifanya kazi halisi si mlaghai tena.

Wako pia wanaouliza kama rangi ni kipimo cha kuaminika hata kwa fundi mwaminifu, na wana haki ya kuuliza. Muda huingia katika hesabu: chuma kilichokaa saa nzima kwenye nyuzi 230 hupata rangi iliyokolea kuliko kilichogusa joto hilo kwa dakika chache. Aina ya chuma huingia pia. Kromiamu huchelewesha utando. Springi yenye kromiamu kidogo huchelewa kidogo, na chuma kisichoshika kutu, chenye kromiamu ya asilimia 10.5 au zaidi, huchelewa sana hivi kwamba buluu yake inaweza kungoja mpaka karibu nyuzi 540. Anayeokota kisu cha jikoni cha aina hiyo na kukisoma kwa jedwali la springi atakosea kwa mamia ya nyuzi. Uso wenye mafuta au jasho la vidole hutoa madoa. Mambo hayo yote yanaondoa imani kwamba rangi ni namba, lakini hayaondoi thamani yake kwa mtu anayefanya kazi na chuma kilekile, kwa makaa yaleyale, kwa mwendo uleule wa mkono. Mhunzi anayefua springi za lori mwaka hadi mwaka amejipima mwenyewe dhidi ya chuma hicho kwa kuvunja vipande vya majaribio na kuona vilivyovunjika na vilivyopinda. Kwake manjano ina maana imara. Tanuri lenye kipimajoto ni bora, na ningependa kila banda liwe nalo. Lakini hata anayelimiliki hufaidika kwa rangi, kwa sababu kipimajoto kinasema joto la tanuri na rangi inasema joto la kisu.

Kutu ndilo pingamizi la watu wa nyumbani, na hapo rangi ya moto haina nguvu nyingi za kujivunia. Utando mwembamba namna ile hauzuii maji kwa muda mrefu. Katika nchi kavu kama hii, yenye mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba na ukavu katikati, kisu kilichofutwa kikakauka huweza kukaa vizuri. Lamu au Mombasa, penye chumvi hewani, kisingestahimili hivyo. Hatari kubwa ya hapa ni asidi. Embe na ndimu hula utando huo mara moja. Ukimenya maembe kwa kisu cha buluu, buluu itaondoka palipoguswa, na mahali pake patakuja kijivu cha utomvu. Sioni aibu katika hilo. Rangi ya kopo nayo hubanduka, na inapobanduka huingia katika chakula. Utando wa moto ni oksaidi ya chuma kilekile, hauna rangi ya kiwandani ndani yake. Na kuna kinga ambayo nchi hii inayo kwa wingi kuliko wengine: nta ya nyuki. Mbeere ni nchi ya mizinga. Kisu kikiwa bado na uvuguvugu wa kuyeyusha nta baada ya kuzimwa mara ya mwisho, kipakwe nta, kifutwe kwa kitambaa kikavu, na rangi itakuwa chini ya ngozi nyembamba bila kufichwa wala kuharibiwa. Mafuta ya mbarika hufanya kazi hiyo pia, ingawa huhitaji kurudiwa mara kwa mara kwa kuwa hayakauki. Oili chafu ya gari, inayotumiwa na wengi kuzimia chuma kwa sababu ni ya bure, isifanywe umalizio wa kisu cha chakula. Ina mabaki ya injini yasiyopaswa kufika mezani.

Linabaki soko, na hapa ndipo mafundi wengi hunyamaza wakidhani hoja imekwisha. Mnunuzi anataka kinachong'aa, wanasema, kwa sababu macho yake yamefundishwa na mapanga ya kiwandani yaliyopakwa vanishi. Huenda ikawa hivyo leo. Lakini mhunzi wa Kiritiri hawezi kushinda kiwanda kwa kung'aa. Kiwanda kina mashine za kung'arisha na yeye ana msasa. Akishindana kwa sura ya dukani ataonekana kila mara kama nakala dhaifu, na bei yake itashuka ikitafuta ya kiwanda. Anachoweza ambacho panga la dukani haliwezi ni kumwonyesha mteja, kwenye bapa lenyewe, mahali makali yanapoanza na mgongo unapoanza, na kumweleza kwa nini. Mkulima anayeelewa udongo, mbegu na mvua hashindwi kuelewa hilo. Huhitaji kusomea metali kujua kwamba manjano ukingoni ni nzuri na buluu ukingoni ni kosa. Ni somo la dakika tano mbele ya meza ya kuuzia, na mteja aliyelipata hataki tena panga lililopakwa rangi nyeusi, kwa sababu atajiuliza linaficha nini.

Ndiyo maana natamani somo hili lirudi mahali linapostahili. Vyuo vya ufundi vya vijijini vilizaliwa baada ya ripoti ya makanisa ya mwaka 1966 iliyouliza vijana wafanye nini wakimaliza shule ya msingi, na kwa miaka mingi ufundi chuma ulikuwa miongoni mwa yale yaliyofundishwa. Siku hizi kuchomelea kumechukua nafasi kubwa, kwa kuwa milango na madirisha huleta pesa ya haraka, na jedwali la rangi za kulegeza limebaki katika kurasa ambazo mwanafunzi hukariri bila kuona chuma kikibadilika. Kijana huingia kazini akijua kuunganisha vyuma viwili na asijue kwa nini tindo yake hupinda. Hilo lirekebishwe kwa njia rahisi isiyodai bajeti mpya: mwanafunzi wa kazi za chuma afue kisu kimoja cha springi, akitie matiko, akilegeze kwa joto la mgongo wake mwenyewe, kisha akilete mbele ya mwalimu kikiwa hakijasuguliwa, na atakapofika kufanya mtihani wa daraja wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, afanye vivyo hivyo mbele ya msimamizi. Msasa ukatazwe baada ya kuzimwa mara ya mwisho. Mwalimu achukue tupa, aipitishe kwenye makali, kisha asome rangi kutoka ukingo hadi mgongo, na alama zitolewe kwa vyote viwili pamoja.